Mtutu wa Jirani

Aprili 9, Jumamosi

Leo nimenunua bunduki, na tangu nitoke dukani najiuliza ni nani amenichezea.

Naandika yote leo leo, ili nikisoma mwezi wa tisa nisiweze kujidanganya. Kilabu yetu ya shabaha ya Dry Fork imefufua mashindano ya Daraja la Kiwandani, ya watu wasio na hela za kuchezea. Bunduki iwe kama ilivyotoka kiwandani, kuanzia mtutu hadi kitako. Bei yake dukani isizidi dola elfu moja na mia tano. Halafu kuna ile kanuni inayowatoa watu jasho: mwisho wa msimu, yeyote aliyepiga mashindano yote matano anaweza kuweka elfu moja na mia tano mezani, akaondoka na bunduki ya mshindi, na mshindi hana la kusema. Wanaiita haki ya kudai. Iliwekwa ili mtu asichomeke mtutu wa dola elfu mbili kwenye bunduki ya bei poa, maana akishinda nayo itamtoka. Imewahi kutumika mara moja tu. Wale wawili mpaka leo wakikutana kanisani, mmoja hutokea mlango wa jikoni.

Mimi nilikuwa na elfu mbili na mia tano kwa kila kitu. Wajinga wanazimaliza zote kwenye bunduki, halafu wanaifungia darubini ya kutazamia ndege. Mimi nilishajipangia: bunduki elfu na kidogo, darubini mia tisa, kinachobaki risasi. Risasi ya milimita sita na nusu, kwa sababu hata kituo cha mafuta cha mjini wanaiuza. Mtutu mzito. Mahali pa shavu pawe panapandishwa, maana nina shingo ya bata mzinga. Kifyatulio kinachorekebishika. Mambo ya rangi sitaki kuambiwa.

Rulon, mwenye duka, alianza na ya dola elfu moja mia nne tisini na tisa. Akatoa pochi, na kwenye pochi akatoa karatasi yenye matundu matatu yaliyoshikana.

"Hebu tazama mama. Yadi mia. Bunduki hii hii."

"Ya nne ilikwenda wapi?"

"Ya nne?"

"Ulipiga tatu ukaacha. Mambo yakikuendea vizuri unaachaje, kama huiogopi ya nne?"

Akairudisha pochini. Kila mwanamume wa bonde hili anatembea na karatasi ya namna hiyo. Mwombe ya matundu kumi, atakuangalia kama umemuuliza uzito wa mkewe.

Verl alikuwa ameegemea kabati, anacheka chini chini. Verl Tippets ni jirani yangu wa upande wa chini wa mfereji, na ndiye mwenzangu. Kwetu mnapiga wawili wawili: mmoja akilala na bunduki, mwenzake anakaa nyuma na darubini kubwa, anamsomea upepo na kumwambia apeleke shabaha mistari mingapi ya kioo cha darubini, kushoto au kulia. Kisha mnabadilishana. Pointi kila mtu zake.

"Kuna zile mbili za kitako cha kijivu," Verl akasema. "Elfu moja na themanini. Mtutu mzito, shavu linapanda. Mimi nachukua moja."

Rulon akazileta, maboksi mawili ya shehena moja. Nikazishika zote, nikafungua na kufunga komeo la kuingizia risasi, nikachungulia mitutu kwenye mwanga wa dirisha. Sikuona tofauti yoyote.

"Chagua wewe kwanza, jirani," Verl akasema.

Kwa nini mimi kwanza? Mtu mwenye haraka ya kukupa nafasi ya kwanza ana jambo analolijua. Niliishi na Kip, aliyekuwa mume wangu, miaka kumi na tisa, na kila alipokuwa mkarimu nilikuja kujua sababu baada ya miezi mitatu. Nikachukua ya kushoto. Verl akabeba ya kulia, hata hakuiangalia.

Aprili 16

Theluji siku nzima. Nimekaza skrubu za darubini mara mbili.

Aprili 23, Jumamosi

Tumezijaribu bunduki mpya zote mbili, yadi mia, risasi kumi kumi kwa amri yangu. Yangu imeweka kumi ndani ya kifuniko cha chupa ya maziwa. Yake karibu sawa, mbili zimetoka nje kidogo. Verl alitaka kukata zile tatu za katikati atie pochini. Nikamwambia akifanya hivyo atarudi nyumbani kwa miguu. Akasema pikapu ni yake.

Mei 14, Jumamosi

Shindano la kwanza. Mimi 61 kati ya mia, Verl 60. Nimefurahi, sina haja ya kuficha. Wakati wa kurudi Verl alinipa chokoleti ya moto kwenye kikombe cha chupa yake, maana kahawa hanywi wala hataki harufu yake ndani ya gari. Mimi yangu huinywa nje nimesimama, kama ng'ombe.

Mei 20

Maji ya mfereji yalipungua saa nne asubuhi. Nikatembea hadi kwa Verl kuangalia kama amefungua lango lake la maji siku isiyo zamu yake. Lango lilikuwa limefungwa. Nyasi nilizikuta zimeziba kwangu mwenyewe, chini ya daraja. Sijamwambia kwamba nilikwenda kuangalia.

Juni 11, Jumamosi

Shindano la pili, na sitaki kulisahau.

Tulikuwa kituo cha saba, bamba la chuma la kulenga, yadi mia saba kuvuka korongo. Nilikuwa nimelala, nimetulia, nina pointi arobaini na tisa tayari, na mkono wangu ulikuwa mzuri kuliko siku zote. Verl nyuma yangu akasema, "Kulia, mstari mmoja." Nikalenga kulia, nikafyatua, nikakosa. Vumbi. Akasema tena kulia, mmoja na nusu. Vumbi. Risasi nane, mbili tu zikagonga bamba. Ya mwisho niliinua kichwa, nikaona nyasi za ng'ambo ya korongo zinalala upande mwingine kabisa, tofauti na zile za huku. Upepo ule ulikuwa unageuka katikati, na yeye alikuwa anasoma wa huku tu.

Nikamgombeza mbele ya watu. Nilimwambia anasoma upepo kama mzee anayesoma orodha ya vyakula bila miwani. Watu wakacheka. Verl akafunga darubini yake, akafuta vumbi kwenye magoti. Hakusema pole. Hata "nimekosea" hakusema.

Mtu akinyamaza namna ile, huwezi kujua anaweka nini moyoni. Mimi 55, yeye 58.

Juni 12

Kanisani alikaa benchi la nyuma yangu. Alisalimia.

Juni 24

Saa kumi na moja alfajiri niko shambani nahamisha mabomba ya maji kwenye shayiri, nikaona pikapu ya Verl inapita kuelekea uwanja wa shabaha wa Dry Fork. Ndani, sanduku refu la bunduki limesimamishwa kwenye kiti cha abiria. Amerudi saa mbili unusu.

Mchana nilimkuta kwenye mfereji, nikamuuliza, kwa upole kabisa, "Asubuhi ulikuwa wapi jirani?"

"Nilikwenda kuangalia ng'ombe," akasema, huku anatazama koleo lake.

Ng'ombe wake kumi na wanne walikuwa nyuma yake, upande wa pili wa waya, wanatafuna. Nilihesabu.

Basi amenidanganya. Ni jambo dogo, lakini Kip naye alianza na madogo.

Julai 1

Pikapu, saa kumi na moja.

Julai 2

Pikapu tena.

Julai 4

Hata sikukuu. Jioni alileta viazi vya kuoka na jibini kwangu, tukala barazani, fataki zikilia mjini. Sikumuuliza, naye hakusema. Sijui nani alikuwa anamchezea mwenzake.

Julai 9, Jumamosi

Shindano la tatu. Verl 78. Mimi 57.

Sabini na nane! Bunduki ileile, shehena ileile, risasi za boksi lilelile tuligawana. Mimi nilimsomea kama kawaida, nikisema kushoto anapeleka kushoto, bamba linalia. Ikafika zamu yangu. Akasema, "Kushoto, mistari miwili." Miwili ni mingi. Baada ya yale ya Juni simwamini kwa miwili, nikaweka mmoja. Vumbi. Siku nzima ikawa hivyo.

Wakati wa chakula akanisogelea Dwight Spangler, ambaye kilabuni kazi yake ni kuandika pointi na kusambaza maneno, na la pili ndilo analoliweza.

"Bibie, hizo zenu si pacha?"

"Pacha."

"Mapacha wa ajabu. Mmoja kasoma, mwenzake kaacha shule." Akapunguza sauti. "Hivi uliwahi kuchungulia mtutu wake?"

Nikamwambia akae na adabu, Verl hana tabia hizo. Lakini nilipomaliza mkate wangu nilikuwa sijaonja ladha yake.

Julai 11

Nilipitia kwa Rulon kununua risasi. Nikauliza kijuujuu kama siku ile ya Aprili Verl aliwahi kufika kabla yangu.

"Alifika. Kama saa nzima kabla. Wakati unaingia alikuwa ameshapiga stori mpaka basi."

"Aliyafungua yale maboksi?"

Rulon akajikuna. "Siwezi kukudanganya mama. Mimi nilikuwa kwenye simu."

Kwa hiyo alikuwa na saa nzima na bunduki mbili na mtu aliye kwenye simu. Halafu, chagua wewe kwanza jirani. Na mimi nikachungulia mitutu kwenye dirisha kama mtu anayejua anachotafuta.

Ila kama alizikagua, angejuaje nitachukua ya kushoto? Nimelifikiria hili njia nzima. Halafu nikakumbuka kwamba kila kitu nachukua cha kushoto, kwa sababu bega la kulia linauma, na Verl anajua kwamba linauma.

Julai 19

Joto. Pikapu. Siandiki zaidi.

Julai 30

Leo nimefanya jambo la aibu. Verl alinisaidia kufunga mashine ya kuvunia, mikono yake imejaa grisi, akaniomba nimletee glovu kwenye pikapu. Sanduku lilikuwa pale, halijafungwa. Nikalifungua, nikainua bunduki kidogo nione chapa ya kiwandani kwenye mtutu.

Nikasikia nyuma yangu, "Glovu ziko kwenye droo ya mbele."

"Naona," nikasema.

Akachukua glovu mwenyewe, akaondoka. Toka siku ile sanduku analifunga kwa kufuli. Mtu asiye na cha kuficha atanunua kufuli?

Najisoma hapo juu, naona nimeandika "toka siku ile" kana kwamba imepita wiki. Ni leo leo. Kufuli alilitoa kwenye boksi la zana na kulifunga mbele yangu.

Agosti 6

Tunavuna shayiri. Verl kaja na trekta lake siku tatu mfululizo, hajataka chochote. Anaongea kidogo kuliko zamani. Mimi pia.

Agosti 13, Jumamosi

La nne. Verl 84. Mimi 59.

Kituo cha pili alisema, "Jirani, kushoto mistari miwili na nusu. Nisikilize tafadhali." Ile tafadhali ndiyo iliyoniudhi. Nikaweka mmoja na nusu. Vumbi upande wa kulia wa bamba. Sikuinua kichwa, sikutaka kumwona uso.

Dwight anasema fundi mmoja wa huko Billings anaweza kukuwekea mtutu mpya na kuuchora chapa ileile ya kiwandani, wala polisi hawezi kujua. Nikamuuliza amejuaje. Akasema watu wanasema.

Agosti 21, Jumapili

Nimekaa na hesabu ya mambo, siyo ya fedha.

Upande mmoja: alikuja dukani saa nzima kabla yangu. Alinipa nafasi ya kwanza. Alinidanganya kuhusu ng'ombe. Ametia kufuli. Pointi zimepanda kutoka sitini hadi themanini na nne, kwa bunduki ambayo Aprili ilikuwa ya pili kwa yangu.

Upande wa pili: ni Verl. Nilipovunjika bega alikamua ng'ombe wangu wiki sita. Ndiye mtu pekee anayeingia jikoni kwangu bila kubisha. Kilabuni bila mwenzako hupigi, na mimi kwa mdomo wangu huu sina mwingine.

Nikidai bunduki yake na mtutu ukawa umebadilishwa, nitakuwa nilikuwa sahihi, na nitakuwa sina jirani. Nikidai na mtutu ukawa safi, jirani pia sina. Nikinyamaza ninabaki naye, na kila akiingia jikoni nitakuwa namtazama mikono.

Hilo la mwisho nimeshawahi kuliishi miaka kumi na tisa. Siwezi tena.

Agosti 29

Nimetoa elfu moja na mia tano benki. Zilikuwa za kurekebisha paa la ghala.

Septemba 10, Jumamosi

Shindano la tano.

Tulikwenda kwa gari lake, kama siku zote. Magari ya viazi vya kutengenezea sukari yameanza kupita, barabara yote tope na viazi vilivyodondoka. Bahasha ilikuwa kwenye mfuko wa koti langu, na kila pikapu iliporuka shimo niliisikia.

Verl alipiga 88. Mimi nilimsomea kila risasi, na nikiri kwamba nilisoma vizuri. Katikati nilifikiria kumpa uongo kidogo, nusu mstari tu, nione kitatokea nini. Sikuweza. Mimi nilipata 60.

Dwight akasoma majina, Verl mshindi wa msimu, watu wakapiga makofi, naye akavua kofia. Kisha Dwight akasema maneno ya kila mwaka, anavyoyasema haraka haraka kwa sababu hakuna anayeyajibu: "Kuna mwenye kudai?"

Nikasimama. Nikaweka bahasha mezani.

Watu arobaini wakageuka kumtazama Verl. Verl hakuwa amekasirika. Ningependa angekasirika. Alikuwa na uso wa mtu aliyeitwa jina ambalo si lake, anageuka kuona kama kuna mwingine nyuma. Akafungua kufuli, akatoa bunduki, akafungua komeo kunionyesha kwamba haina kitu ndani, akanikabidhi kwa mikono miwili kama tunavyofundishwa.

Halafu ndipo nilipokumbuka kwamba nimekuja kwa gari lake.

Safari ni ya saa moja na dakika ishirini. Bunduki yake iko kiti cha nyuma, yangu pembeni yake, bahasha mfukoni mwake. Hakufungua chupa ya chokoleti. Tulipofika daraja la mto akasema, "Ungeniuliza tu."

"Nilikuuliza. Ukaniambia ng'ombe."

Akaendesha maili kadhaa.

"Hilo kweli," akasema.

Septemba 13

Nimeipeleka kwa fundi bunduki wa mji wa Cody, mzee asiyejua mimi ni nani wala bunduki ni ya nani. Akaingiza kamera yake ndogo kwenye mtutu, akapima, akafungua kitako, akakifunga.

"Unataka nikuambie nini mama?"

"Kilichobadilishwa."

"Hakuna. Mtutu ni wa kiwandani. Hata kifyatulio hakijaguswa, bado kizito vilevile kilivyotoka. Aliyekuwa nayo hakufanya chochote ila kuisafisha."

Nikamwomba arudie kuangalia. Akarudia.

Septemba 17, Jumamosi

Nimekwenda Dry Fork peke yangu na zote mbili. Hakukuwa na upepo hata kidogo. Risasi kumi kumi, yadi mia, nikaanza na yake.

Yangu ni nzuri zaidi. Nimeyapima matundu mara tatu. Yake inatupa pembeni mbili kati ya kila kumi, kama Aprili. Mimi nilichagua kwanza, na nilichagua iliyo bora, na kwa iliyo bora nimeshindwa kwa pointi ishirini na nane.

Nimekaa kwenye benchi mpaka mgongo ukauma. Nimejaribu kutafuta bado mtu wa kumshuku, na nimemkosa. Aibu niliyoisikia sijui niiandikeje.

Septemba 18, Jumapili

Baada ya kanisa nilikwenda kwake na sanduku. Alikuwa kwenye mfereji, anatoa mbao za lango kwa ajili ya majira ya baridi. Nikaliweka sanduku kwenye nyasi.

"Chukua bunduki yako, Verl."

"Si yangu. Umeilipia."

"Nimeipeleka Cody. Ni safi."

"Najua kwamba ni safi."

"Nakuomba radhi."

Akatikisa kichwa, lakini sikujua kama ni kukubali au kukataa. Akaendelea na mbao.

Nikamuuliza dukani alifuata nini saa nzima kabla yangu. Akasema alikwenda kumwambia Rulon asinisukumie zile darubini za elfu mbili, kwa sababu nikisukumwa ninanunua kwa hasira. Ni kweli ninanunua kwa hasira.

"Na alfajiri zile?"

Hapo akaacha mbao.

"Nilikuwa naweka vitambaa kwenye korongo, pande zote mbili. Natazama upepo unageukia wapi, napiga risasi tano, naandika, narudi. Ulisema nasoma kama mzee asiye na miwani. Ilikuwa kweli. Nikaona nijifunze, ili nikusomee sawasawa. Nikaona aibu kukuambia. Mtu wa miaka sitini na nane anakwenda kujifunza upepo. Na pale uliponiuliza, likanitoka hilo la ng'ombe."

"Kumbe ndivyo ulivyofika themanini na nane."

"Hapana, jirani. Nikilala mimi na bunduki sioni upepo wowote, naona bamba tu. Mimi nilipiga pale uliponiambia nipige. Kila risasi. Ukisema kushoto miwili naweka miwili." Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu siku ile. "Wewe ulifanya hivyo lini mara ya mwisho?"

Jibu lilikuwa Juni.

"Mwakani nitapiga na mtu mwingine," akasema. "Nimeshamwambia Dwight aandike. Sina kinyongo, Nedra. Lakini siwezi kulala pale nikijua nyuma yangu kuna mtu anatazama mtutu badala ya nyasi."

Aliniita Nedra. Miaka yote hajawahi kuniita jina.

Septemba 24, Jumamosi

Leo asubuhi kabla jua halijapanda nilisimamisha gari langu mbele ya geti lake. Sikupiga honi. Nilikaa tu, bunduki yangu moja nyuma. Akatoka na kikombe mkononi.

"Mwakani bado hapana," akasema.

"Sijaja kwa ajili ya mwakani."

Akaingia.

Vitambaa vyake vyekundu bado viko korongoni, vimechanika. Upepo ulikuwa mbaya, unakuja kwa mikupuo. Nikalala. Akakaa nyuma yangu kwenye kile kiti chake kidogo, nikasikia anazungusha darubini.

Bamba la yadi mia saba. Nyasi za huku zilikuwa zinalala kulia, yaani risasi ingesukumwa kulia, mimi nilizitazama kwa macho yangu mawili.

"Kulia, mistari miwili," akasema.

Kulia. Kila kitu ndani yangu kilisema kushoto, na mmoja tu. Kinywa kilikuwa tayari kumuuliza ana hakika gani. Nikaweka kulia, mistari miwili kamili, nikafyatua.

Vumbi. Mbali, upande wa kulia kabisa, hata ng'ombe angeona.

Nikakumbuka Juni, nikangoja.

"Hiyo yangu," Verl akasema. "Nimekosea mimi."

Nilikuwa nimelala kifudifudi, bahati nzuri, hakuniona uso. Nikafungua komeo, ganda likaruka kwenye mchanga, nikasukuma risasi nyingine.

"Haya," nikamwambia. "Sema tena."